UZI: Kiwambaza ni nini hasa? Mafundi wetu Uganda wamebaki na kukandika, kuwamba kumepotelea wapi?

Mwana_wa_Reli (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu, mlio Kampala, Jinja, Arua, Mbale na mliotawanyika kwingine. Uzi huu ni mrefu. Asiye na nafasi sasa auhifadhi, ausome jioni akitulia.

Shangazi yangu anakaa kijijini, nje kidogo ya Tororo, upande wa kwenda Busia. Mwaka jana alijengewa jiko jipya la miti na udongo kando ya nyumba yake. Mvua za mwezi wa nne hazikumaliza wiki mbili, ukuta mmoja ukamwagika usiku. Asubuhi nguzo zote zimesimama, fito zinaning'inia, udongo wote uko chini umefunika mafiga. Bahati alikuwa amelala nyumba kubwa.

Fundi aliyejenga akasema udongo wa pale ni mbaya. Jirani akasema ni mvua. Mimi kazi yangu ni usimamizi wa saiti hapa Kampala, zege na matofali kutwa, na siku hizo nilikuwa nyumbani kwa mazishi. Nikaenda kuangalia. Nikaushika ufito mmoja katikati ya ukuta, ukacheza mkononi kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nikajaribu wa pili, vilevile. Hapo nikamkumbuka babu.

Babu mzaa baba alitoka Mombasa, akaja huku kufanya kazi ya reli, akabaki Tororo hadi alipozikwa. Kiswahili cha nyumbani kwetu ni chake. Kila ukuta wa udongo yeye aliuita kiwambaza: kiwambaza cha jikoni, kiwambaza cha choo, na sisi wajukuu tuliambiwa tusiegemee kiwambaza kibichi. Nikakua nikidhani ni neno la pwani tu la kusema ukuta. Siku moja fundi alimjengea banda la mbuzi, babu akalizunguka, akatikisa fito mbili tatu, akamwambia: "Hapa hujaniwekea kiwambaza. Umenipakia miti matope." Nilikuwa na miaka kama tisa na sikuelewa ana ugomvi gani na yule mtu. Nimeelewa mwaka huu, mbele ya jiko la shangazi.

Tazameni neno lenyewe. Ndani yake kuna kuwamba. Kuwamba ni kukitandaza kitu na kukivuta hadi kikaze juu ya kingine. Ngoma huwambwa ngozi. Kitanda cha kamba huwambwa. Ngozi ya ng'ombe huwambwa kwenye mambo, yaani vigingi, au kwenye fremu ikaushwe bila kujikunja. Kutoka hapo ndipo tunapata kiwambo, kile kilichotandazwa na kukazwa: kuna kiwambo cha sikio, na wapenzi wa hadithi za upelelezi wanaijua bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti. Kutoka hapohapo tunapata kiwambaza, ambacho wengine hutamka kiambaza. Ni ukuta wa miti na fito uliojazwa udongo, wa nje au wa kugawa vyumba ndani.

Sasa hoja yangu. Aliyeupa ukuta huu jina hakuutaja udongo hata kidogo. Angeweza kuuita kwa kukandika, maana kukandika ndiko kuujaza udongo na kuupiga kwa mikono. Akauita kwa kuwamba. Kwake, ukuta ulikuwa umekwisha kuwa ukuta kabla tope halijaguswa: miti imesimama, fito zimefungwa zikavutwa, kitu kizima kimekaza kama ngoma. Udongo unakuja kuziba tu.

Nendeni vijijini kwetu leo mkaone. Fundi anasimamisha nguzo, anapachika fito haraka haraka, akili yake yote iko kwenye shimo la udongo. Watoto wanakanyaga tope, majirani wanakuja kusaidia, watu wanaimba. Hakuna anayerudi nyuma kuzitikisa fito.

Nieleze nilivyomwona babu akifanya, maana alijenga jiko letu kwa mikono yake na mimi nilikuwa mpokezi wa fito. Nguzo nene alizisimamisha kwenye pembe na mlangoni. Katikati yake akapanda nyembamba, kila moja kama dhiraa kutoka kwa mwenzake. Chini alizichoma moto kidogo, sehemu ya kuingia ardhini, kwa ajili ya mchwa. Kisha fito zikalazwa, moja ndani, moja nje, sambamba, shubiri moja baina ya jozi na jozi. Na hapa nataka msome polepole: kila ufito una shina na ncha, shina nene, ncha nyembamba. Huu wa kwanza shina lake lilielekea mlangoni, wa pili lilielekea pembeni, wa tatu mlangoni tena. Nilipompa ufito na shina liko upande usiofaa, hakusema neno, aliugeuza tu. Alisema baadaye kuwa ukizilaza zote upande mmoja, ukuta unavuta upande mmoja.

Alianza kufunga nguzo ya katikati akienda pembeni, kulia fundo moja, kushoto fundo moja. Kamba ilikuwa ya mgomba, imelowekwa tangu usiku ili isikatike. Anazungusha, anakanyaga nguzo kwa unyayo, anavuta kwa mwili mzima, ndipo anapiga fundo. Alipofika juu alipiga ukuta kwa kiganja kwenye pembe moja huku mkono mwingine ameuweka pembe ya pili. Mtikisiko usipofika huko, alirudi kutafuta fundo lililolegea.

Basi nauliza. Nani kati yenu bado analitumia neno hili, au kuwamba kwa ujumla, na kwa kazi gani? Mafundi, mafundi wa ngoma, walimu, wote karibuni.


BintiBombo

Kaka, umenigusa. Kiwambaza sikulijua, lakini kuwamba nimekuwa nalo maisha yangu yote. Kwetu Bombo bibi alikuwa na kitanda cha kamba, na kabla ya Idi lazima kiwambwe upya. Kwa mwaka kinakuwa kimelegea katikati, ukilala unajikuta umekunjwa kama mtoto mgongoni mwa mama.

Ilikuwa kazi ya watu wawili. Mjomba anavuta, mimi nashikilia pale palipokwisha kuvutwa, kwa kijiti nilichokisokota kwenye kamba, mvuto usirudi nyuma wakati anahamia mzunguko unaofuata. Nikiachia kidogo tu bibi anajua, kwa sauti. Kamba iliyokaza ukiikwaruza kwa kucha inalia, iliyolegea iko kimya. Alikuwa anapita upande hadi upande kwa kucha ya kidole gumba, na akifika penye ukimya anasema: fungueni kuanzia hapa.

Kwa hiyo ninavyomwona babu yako akisikiliza ukuta kwa kiganja, namwona bibi na kucha yake.


FundiKisenyi

Mkuu nimekusoma, lakini mambo ya kamba za mgomba yamepitwa. Msumari upo, waya upo. Piga msumari kila nguzo, ukuta hauchezi.


Mwana_wa_Reli

FundiKisenyi, waya sina ugomvi nao hata chembe, mradi unakazwa kwa koleo na kusokotwa, si kuzungushwa kwa vidole na kuachwa. Waya unawamba vizuri.

Msumari ndio nina neno nao. Ufito ni mwembamba, ukiupiga msumari unapasuka kwa urefu, na ufa huo huuoni kwa sababu unafunikwa na tope siku hiyohiyo. Tope bichi linakaa na unyevu wiki nzima au zaidi, msumari wa bei rahisi unaanza kutu humo ndani. Halafu msumari unashika nukta moja, kamba inakumbatia ufito mzunguko mzima. Jiko la shangazi lilikuwa la misumari. Nilizihesabu fito zilizopasuka kwenye ukuta ule mmoja: 17. Kama unatumia mabanzi mapana ya mkalitusi, hapo msumari nakubali.


Mwalimu_Kisoro

Nashukuru kwa uzi huu. Niongeze kutoka pande zetu, maana mzizi huu hauko pwani peke yake.

Sisi wa Kisoro tunasema kubamba, sawa na majirani zetu wa Rwanda. Kubamba uruhu ni kuitandaza ngozi chini na kuikaza kwa mambo pembezoni hadi ikauke. Na hizo mambo zake, kila moja tunaiita kwa jina lililotoka kwenye kitenzi hichohicho: urubambo. Ukiingia kanisani utalikuta neno lilelile kwenye habari ya mateso: Yesu yabambwe ku musaraba. Na Kiswahili nacho kimepita njia hiyohiyo, maana utasikia watu wakisema aliwambwa msalabani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nimeshaona ngozi ya ng'ombe imebambwa uani, imevutwa pande zote haiwezi kujikunja, kabla sijawahi kusikia mahubiri ya Ijumaa Kuu. Katekista hakuhitaji kunieleza neno lile. Nililielewa kwa mwili.

Kwa hiyo b ya kwetu na w ya Kiswahili ni ndugu. Jihadharini tu mkifika Buganda, maana kuwamba kwa Kiganda ni kitu kingine: kumteka mtu, kumchukua mateka.


Mwana_wa_Reli

Mwalimu, shikamoo. Hilo la Kiganda limenifika mwenyewe. Mwaka juzi nilikuwa na vijana wanne saiti moja upande wa Wakiso, tunatengeneza uzio wa muda wa turubai. Nikawaambia, kesho asubuhi tutawamba upande wote wa barabara. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ssebo, tutamwamba nani?" Kwenye Kiganda cha kila siku, redioni na magazetini, neno hilo ni la watekaji na la wanaopindua serikali. Ilibidi nichukue turubai na kamba nionyeshe kwa mikono. Tangu siku hiyo vijana wale wana maneno mawili, na hawayachanganyi.


Nakawa_Juu

Samahani wakuu, mimi sioni faida. "Ukuta wa udongo" kila mtu anaelewa, kuanzia Arua hadi Dar es Salaam. Kwa nini tufufue neno ambalo hata Waswahili wenyewe mjini hawalitumii? Lugha inakwenda mbele.


Mwana_wa_Reli

Nakawa_Juu, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa uzito wake.

"Ukuta wa udongo" unataja kitu kinachoonekana ukiwa barabarani. Unamtosha mpita njia. Haumtoshi anayejenga, wala anayemlipa anayejenga. Ukimwambia fundi "nijengee ukuta wa udongo", ameshasikia udongo, na udongo ndio atakaokupa. Mimi nataka neno litakaloniwezesha kumuuliza saa nne asubuhi, kabla ya tope: umeshawamba? Nioneshe. Bila neno hilo sina swali la kuuliza hadi kazi ikishafunikwa, na ikishafunikwa hakuna wa kuiona hadi mvua ije.

Angalia pia lugha zetu zinavyoazimana. Kiganda kilichukua kutoka Kiswahili eddirisa na amatafaali, yaani dirisha na matofali, kwa sababu vitu vyenyewe vilikuja na nyumba ya mtindo mpya na mafundi wake. Kiwambaza hakikuchukuliwa. Naamini ni kwa sababu Waganda walikuwa na ufundi wao wa kufunga, tena wa hali ya juu. Nenda Kasubi uangalie Muzibu Azaala Mpanga, nyumba aliyoijenga Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 na akazikwa humo 1884. Inua macho uone pete za matete zinazozunguka dari ndani ya paa, 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Ilipoungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010 kila aliyeipenda alielewa kwamba saruji isingeirudisha. Kuirudisha kulitaka watu wanaojua kufunga, kukaza na kuezeka, na kuezeka kiasili kumekabidhiwa ukoo wa Ngeye, na kazi ilichukua miaka mingi. UNESCO iliiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Maneno ya kazi ile yamehifadhiwa kwa sababu watu wake wameendelea kuifanya na kuitaja kwa jina.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Uganda maneno ya namna hii tuliachiwa na wazee wa reli, wa kambini, wa madrasa na wa soko. Kuna mtambaapanya, mti unaolala juu ya ukuta kulipokea paa. Kuna kombamoyo, miti ya kuezekea. Kuna pau, nazo ni miti ya paa. Kijana wangu wa saiti anayaita yote "mbao". Akiniambia kwenye simu "mbao imepinda", nashindwa kujua nipande boda niende au ningoje kesho.


Mwanangoma_Mpigi

Nimesoma nikiwa Mpambire, pembeni ya barabara ya Masaka. Wanaopita hapa wanaona ngoma zimepangwa kama mitungi. Mimi nimekaa na mafundi wa hapa miaka sita, Kiswahili nilijifunza Kenya. Nielezee kuwamba ngoma ili mleta uzi apate ushahidi wake.

Mzinga wa ngoma tunauchonga kwenye mti, na mukebu ndio unaopendwa. Ngozi ya ng'ombe inalowekwa hadi ilainike kabisa. Inakatwa mduara mkubwa kuliko mdomo wa ngoma, inatobolewa matundu pembezoni. Chini ya ngoma nako kuna ngozi yake. Katikati ya hizo mbili ndipo kazi yote ilipo: ukanda mrefu wa ngozi mbichi unapita juu, chini, juu, chini, kuzunguka mzinga mzima hadi mti wenyewe hauonekani. Hapo bado imelegea. Halafu unaanza kuvuta.

Huvuti mzunguko mmoja ukamaliza. Unavuta kidogo ukanda wa mbele yako, unageuza ngoma nusu, unavuta wa upande wa pili, unageuza robo, unavuta. Ukivuta upande mmoja hadi mwisho, ngozi inahama, mdomo unakaa mshazari, na ngoma hiyo haitapata sauti hata uiweke juani mwezi mzima. Mara ya kwanza mimi nilifanya hivyo. Fundi aliifungua yote bila kunigombeza, akaniambia niiloweke upya. Ngozi ikishavutwa sawasawa inaachwa ikauke, na inapokauka inajivuta yenyewe tena. Ukanda wa ngozi mbichi nao unajivuta. Kwa hiyo jua linamalizia kazi yako, lakini haliwezi kurekebisha ulipokosea.

Kiganda tunasema okuleega. Ni neno moja kwa kuiwamba na kuikaza ili ipate sauti.

Engalabi, ile ngoma ndefu, ni njia nyingine. Ngozi yake ni ya kenge na inashikwa kwa vijiti vilivyopigiliwa kuzunguka mdomo, haina kanda za kushuka. Hiyo ndiyo ngoma ya kumalizia matanga. Mtu akikuambia "tugenda mu ngalabi" ujue anakwenda kwenye shughuli hiyo.


BintiBombo

Ndiyo maana wazee wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Siku zote nililisikia likisemwa kwa mtu mwenye choyo. Sasa nikisoma maelezo ya Mwanangoma naona kuwa mwambaji anayejivutia tu peke yake anaiharibu ngoma.


Mwana_wa_Reli

Dada, umelisema vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia. Watu wanadhani mwamba wa methali ile ni jabali. Ni mtu, fundi, aliyeketi na ngoma mapajani.

Na Mwanangoma, nimesimama pale uliposema unavuta kidogo, unageuza, unavuta upande wa pili. Babu alianza nguzo ya katikati, fundo kulia, fundo kushoto. Hakuwahi kushika ngoma, kwa ninavyojua. Miaka yote nilidhani ni mazoea yake tu.


Mtoto_wa_Kabarole

Mimi si fundi, nina kisa kimoja tu.

Februari 1994 tetemeko lilipopiga kwetu Kabarole nilikuwa darasa la tatu. Usiku huo kila kitu kilitembea. Kwa jirani kulikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, isiyo na nondo, ukuta wa mbele ukalala chini mzima mzima. Jiko letu la miti na udongo liliyumba mbele ya macho yangu, naapa, liliyumba kama mtu anayecheza. Udongo ulianguka vipande vipande. Tulipoangalia asubuhi, miti na fito vyote vilikuwa vimesimama, unaona nje kupitia ukutani kama kapu. Baba alichimba udongo, tukakandika upya, wiki ya pili mama alikuwa anapika humo.

Miaka yote nilieleza kisa hiki nikisema jiko lilinusurika kwa sababu lilikuwa jepesi. Leo nimeona sababu ya pili. Aliyelijenga alikuwa amewamba.


FundiKisenyi

Hapo nakubali. Fremu iliyokazwa inacheza pamoja, tofali lisilo na nondo halijui kucheza. Mleta uzi, udongo je? Maana hata ukiwamba namna gani, udongo mbaya utapasuka.


Mwana_wa_Reli

Kweli kabisa, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nadharau udongo. Wa kichuguu ni mzuri, unashika, lakini peke yake ukikauka unapasuka, uchanganye na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Ulowekwe na kukanyagwa, uachwe siku chache, ukanyagwe tena. Ukandike mara ya kwanza, uache ukauke na upasuke unavyotaka, kisha ndipo uje kusiriba kwa udongo laini wenye samadi na majivu. Paa litoke nje ya kutosha mvua isipige ukuta. Na nguzo, ukipata musambya usiuache, mchwa hauupendi.

Hayo fundi yeyote wa kijijini anayajua, wakati mwingine kuliko mimi.


Nakawa_Juu

Nimerudi kusoma tena. Swali moja: huyo fundi wa shangazi umemfanyaje?


Mwana_wa_Reli

Sikumfukuza. Ni kijana, ana mikono mizuri, na hakuna aliyewahi kumfundisha. Aliniambia jambo lililonikaa moyoni: yeye hulipwa ukuta ukishakandikwa, kwa hiyo siku ya kufunga fito ni siku anayofanya kazi bure. Mtu atakaza mafundo mangapi siku ya bure?

Tukakubaliana upya, tukaandika kwenye karatasi ya daftari, mistari miwili tu. Malipo ya kwanza, nusu ya hela, baada ya kuwamba, na shangazi mwenyewe ndiye atakayekagua. Malipo ya pili, baada ya kukandika. Neno kuwamba aliliandika yeye kwa mkono wake baada ya kunisikia nikilieleza. Aliniuliza kama lina w au b, na kwa heshima ya Mwalimu wa Kisoro nikamwambia yote mawili yapo, lakini hapa weka w.

Juzi Jumamosi nilishuka Tororo. Fito zote mpya, zimefungwa kwa waya kwenye pembe na kamba ya katani katikati, shina huku, ncha kule. Shangazi ana miaka 71 na magoti yake hayamsaidii, lakini aliinuka kwenye mkeka, akapitisha kiganja nguzo hadi nguzo. Penye nguzo ya tano kutoka mlangoni alisimama, akatikisa, akamtazama kijana. Kijana hakubisha. Akachukua koleo, akafungua, akakaza upya huku amekanyaga nguzo kwa unyayo, na mimi sikuwa nimemwonyesha kukanyaga. Shangazi akatoa hela kwenye pindo la leso, akamhesabia nusu.

Udongo unaanza kukanyagwa Jumatatu.